Je, wajua mwanga unaweza kusafiri ndani ya uzi wa mwani?

Nyuzi za mwanga zinazobeba intaneti chini ya bahari ni za kioo, lakini kanuni inayoziongoza haidai kioo. Inachodai ni kiini angavu kinachoupinda mwanga zaidi kuliko kitu kinachokizunguka; hapo mwanga ukigonga ukingo wa kiini kwa mshazari hauponyoki, bali huakisiwa ndani, ukagonga upande wa pili, ukarudishwa tena, na hivyo kuufuata uzi hata unapopindwa.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Campinas nchini Brazil, wakishirikiana na wenzao wa Japani, walieleza jinsi walivyotengeneza uzi wa namna hiyo kwa agari, yaani jeli ya mwani mwekundu inayotumika katika vyakula. Agari iliyoyeyushwa kwa maji ya moto ilimiminwa katika kalibu yenye vijiti vyembamba, ikaachwa ipoe na kuganda, kisha vijiti vikachomolewa. Matundu yaliyobaki, yenye upana wa takriban nusu milimita, yalijaa hewa, nayo hewa, kwa kuwa huupinda mwanga kidogo kuliko jeli, ikawa ndiyo ganda linalokizunguka kiini cha jeli chenye unene wa milimita 2.5 hivi.

Hapa Zanzibar, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja na ambako kazi hiyo imebebwa zaidi na wanawake, yafaa kutochanganya mambo. Spinosamu na kotonii wanaolimwa Unguja na Pemba ni mwani mwekundu pia, lakini jeli yao ni karajinani. Agari hutoka zaidi katika jamii za Gelidium na Gracilaria.

Je, uzi huo utachukua nafasi ya kioo? Kwa masafa marefu, hapana. Mwanga katika uzi bora wa kioo husafiri takriban kilomita 15 kabla ya kupungua kwa nusu, ilhali katika uzi mwingine wa asili, ule wa selulosi (dutu inayojenga kuta za seli za mimea) uliotengenezwa Finland kutokana na miti, sentimita moja tu hubakisha chini ya robo. Tofauti hiyo ni kubwa mno.

Thamani yake iko kwingine, nami naiona kubwa. Uzi wa agari unalika na unaoza, kwa hiyo watafiti wanatazamia siku ambapo daktari atapeleka mwanga ndani ya mwili kwa uzi usiohitaji upasuaji wa kuutoa. Isitoshe, uzi wa namna hii hunywa maji, na ule wa selulosi ukilowa, mwanga unaopita ndani yake hubadilika. Mabadiliko hayo yakipimwa, uzi wenyewe huwa kipima unyevu, kwa mfano ndani ya kuta za nyumba.