Joto la amfetamini si homa: panadol wekeni pembeni

Mgonjwa katumia methamfetamini, dawa ya kulevya ya jamii ya amfetamini, kipimajoto kinasoma 40.5, halafu kwenye faili nakuta tena paracetamol na kipimo cha malaria. Malaria pimeni, sikatai. Paracetamol acheni.

Kwenye homa, ubongo wenyewe umepandisha kiwango unachokitaka. Prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, ndizo zilizouamuru, na paracetamol huzizuia. Hapa hazihusiki. Noradrenalini, kemikali ya mwili ya kuusisimua, imefurika, misuli haipumziki, mishipa ya ngozi imejibana, joto halina pa kutokea. Na ini linaloungua kwa joto hilo mnaliongezea dawa ya kuchakata!

Kwetu huku nyanda za juu kosa huwa baya zaidi. Usiku wa Juni, Uyole au Makambako, kila mtu yuko ndani ya koti. Mgonjwa akishikwa mikono ni ya baridi, basi anaongezewa blanketi. Mikono ni ya baridi kwa sababu damu imefungiwa ndani. Kiganja kwenye paji la uso hakikuambii kitu, na kipimo cha kwapani husoma chini ya ukweli. Pima kwa njia ya haja kubwa.

Mvue nguo zote, mloweshe maji mwili mzima, washa feni. Feni bila maji haitoshi. Barafu iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama kuna beseni la kumzamisha na watu wa kushikilia kichwa, ni bora zaidi. Afike chini ya 39 ndani ya nusu saa, kwenye 38.5 acha, maana baridi ya wodi itaendelea kumshusha.

Wakati huohuo, mpe dawa ya kutuliza, diazepam miligramu 5 hadi 10 kwa mtu mzima, kwenye mshipa, polepole, ikirudiwa hadi atulie huku ukiangalia upumuaji. Tafadhali msimfunge kamba mkaishia hapo. Kila anapopambana na kamba, misuli inazalisha joto lilelile mnalohangaika kulitoa, na anaweza kufia kwenye kamba hizo. Haloperidoli, dawa ya kutuliza ya magonjwa ya akili? Wataalamu wanabishana: wengine huogopa degedege, wengine huitumia baada ya diazepam. Mimi huiweka ya pili, na nakiri ushahidi haujatulia.

Sukari ipimwe mapema. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, misuli inayeyuka: mpe dripu, pima potasiamu, kreatinini (kipimo cha figo) na ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Joto likishuka asiruhusiwe kwenda nyumbani, maana figo huchelewa kuonyesha madhara. Kreatinini irudiwe kesho yake asubuhi.