Asilimia 36 si watoto 36

Dai lile limerudi tena, safari hii kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Chanjo ya malaria inakinga asilimia 36 tu, yaani kati ya watoto 100, 64 wamechomwa sindano bure." Shemeji, heshima yako, lakini hapana.

Kazi yangu ni takwimu za majaribio ya tiba, na swali letu la kwanza ni moja: ukilinganisha na nani? Mtoto kachanjwa, kaugua. Haya, asingechanjwa angeugua mara ngapi? Hakuna wa kumuuliza, kwa hiyo tunapiga kura, ile ya bahati nasibu. Kwenye jaribio kubwa la RTS,S, ndiyo chanjo yenyewe ya malaria, lililoanza 2009 katika nchi 7 za Afrika, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zikiwamo, kura ndiyo iliyoamua nani apate chanjo ya malaria. Wenzao wa miezi 5 hadi 17 ambao kura haikuwapa walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Naam, kichaa cha mbwa, ili mama asijue mwanawe yuko upande gani, wala anayempima asijue. Mama akijua, huenda akalegeza chandarua. Mpimaji akijua, huenda akaona anachotaka kuona. Hatumwamini mtu, na wa kwanza kutoaminiwa ni sisi wenyewe.

Sasa hiyo 36. Haihesabu watoto, inahesabu mara za kuugua! Mtoto wa Siaya, magharibi mwa Kenya penye malaria nyingi, anaweza kupata malaria mara kadhaa kwa mwaka. Waliopata dozi zote 4 waliugua pungufu kwa asilimia 36 katika miaka kama minne, na huo ni wastani tu: mwanzoni kinga ni kali, baadaye inafifia. Kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa ziliepukwa mara 1,774 za kuugua. Soma tena. Zimezidi hata idadi ya watoto. Ipeleke asilimia hiyohiyo mahali penye mbu wachache, utaepusha homa chache sana. Kwa hiyo anayekutajia asilimia bila kukwambia malaria ya hapo ni nyingi kiasi gani hajakwambia kitu.

Mkitaka kutushika pabaya, shikeni hapa. Katika jaribio lile homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na wasichana waliochanjwa walikufa wengi kuliko wenzao wasiochanjwa. Ukipima mambo mengi kwa mpigo, moja litajitokeza kwa bahati tu, hilo tunafundishana. Lakini huwezi kumwambia mzazi "bahati" ukaenda kulala. Ndiyo maana chanjo ilianza kutolewa kwa uangalizi Ghana, Kenya na Malawi mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi Oktoba 2021, baada ya ishara zile kutojirudia. Mimi maelezo ya vifo vya wasichana wale bado hayajanikaa vizuri. Binti yangu ningempeleka hata hivyo, kesho asubuhi.