“Saa zingine”: hitilafu inayokuja na kwenda kwenye klachi, gia na cheni ya pikipiki

Keti nusu saa kwenye benchi la fundi wa pikipiki pale Kangemi, Nairobi, na utalisikia neno hili. Mwenye boda anashuka, anaegemeza chombo, anavua helmeti. “Fundi, inaruka.” Fundi anaipanda, anazunguka nayo mpaka kwa mama wa mahindi na kurudi. Haijaruka hata mara moja. “Inaruka lini, boss?” “Saa zingine.”

Hiyo “saa zingine” ndiyo dhana ya leo. Hitilafu ya kuja na kwenda ni kasoro ambayo kifaa chake kimeshalika, kimepinda au kimelegea, ila dalili yake hungoja sharti fulani litimie: injini ipate moto, abiria wa pili apande, mvua inyeshe, hendo (usukani) ikatwe upande mmoja, au kipande kilichoharibika kifike zamu yake kwenye mzunguko. Kifaa kimeharibika muda wote. Wewe unakisikia kwa vipindi tu. Ndiyo maana fundi akijaribu pikipiki ikiwa tupu na baridi, kwenye barabara tambarare, haoni kitu, na wewe unabaki unaonekana kama unaota. Kazi ya kwanza ni kuibadilisha “saa zingine” iwe “lini hasa”, kabla spana haijagusa nati.

Nguvu ya injini ina njia moja ya kufika chini: klachi, giaboksi, spoketi (gurudumu la meno) ndogo ya mbele, cheni, spoketi kubwa ya nyuma, raba zilizo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), kisha gurudumu. Kabla ya kulaumu chochote kwenye njia hiyo, hakikisha nguvu yenyewe ilikuwepo. Swali langu huwa moja: ilipokosea, resi ya injini, yaani kasi ya mzunguko wake, ilipanda au ilishuka? Ikiwa pikipiki ilipoteza nguvu na mlio wa injini ukafifia nayo, hapo shida ni mafuta au moto wa plagi. Labda kofia ya plagi imeingia maji, au kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kimeziba, kiasi kwamba ukifungua kifuniko unasikia “fyuu” na chombo kinapata uhai tena. Lakini ikiwa injini ilipaa kwa mlio huku pikipiki ikibaki palepale, nguvu ilitoka kwenye injini ikapotea njiani. Nimeona watu wakinunua seti nzima ya cheni na spoketi kwa sababu ya kofia ya plagi.

Tuanze na klachi, maana ndiyo inayosingiziwa kuliko zote na pia ndiyo yenye hatia mara nyingi. Klachi ya pikipiki nyingi za boda huogelea ndani ya oili ileile ya injini: sahani zenye msuguano na sahani za chuma zimepangana kwa zamu, zikibanwa na springi. Ikiteleza, haipigi kelele. Unapanda Waiyaki Way kutoka Westlands, gia ya juu, abiria na mzigo wake, unaongeza moto (unazungusha mkono wa mafuta), injini inapaa taratibu na mwendo hauongezeki. Hakuna “kat”, hakuna mruko. Ni kama nguvu imemezwa na oili.

Kwa nini asubuhi haitelezi na saa nane mchana inateleza? Angalia uhuru wa mkono wa klachi. Ukiuvuta kwa kidole, ncha yake inatakiwa kusogea bure kama milimita 10 hadi 20 kabla ya kukaza. Sahani zinavyolika, uhuru huo hupungua. Ukifika karibu na sifuri, bado klachi inashika injini ikiwa baridi, lakini joto likipanda vyuma vinatanuka, oili inakuwa nyepesi, na kebo inaanza kuivuta klachi bila wewe kuigusa. Hapo tiba ni kuzungusha nati ya kurekebishia kebo, kazi ya dakika tano. Kuna nyingine inayochekesha: kebo iliyopitishwa vibaya baada ya kubadilishwa taa au hendo. Ukikata kona kali, hendo inaivuta kebo na klachi inateleza, ukinyoosha, inashika. Isimamishe kwenye stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa, geuza hendo mpaka mwisho kila upande huku ukipima uhuru ule kwa kidole. Ukibadilika, umempata mwizi.

Oili nayo ina mkono wake. Oili nyingi za gari ndogo zina viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, na klachi inayoogelea kwenye oili inaishi kwa msuguano. Kwenye chupa ya oili ya pikipiki tafuta alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Ukiona MB, hiyo ni ya msuguano mdogo, inafaa skuta ambazo klachi yake haikai kwenye oili. Ikiwa utelezi ulianza wiki ileile uliyobadilisha oili, usifungue klachi kwanza. Mwaga oili, tia inayofaa, uendeshe siku kadhaa ndipo uhukumu.

Kinyume cha kuteleza ni kunata. Kwenye foleni ya Haile Selassie, jua kali, umeshika klachi mpaka mwisho lakini pikipiki inajisogeza yenyewe na nyutro (gia huru) haipatikani mpaka uzime injini. Mara nyingi uhuru wa kebo umezidi, kwa hiyo sahani haziachani vizuri. Ukirekebisha kebo na bado inanata, huenda kikapu cha klachi kimechimbika mikato pale sahani zinapogonga, na hapo ndipo inabidi kifuniko kifunguliwe.

Giaboksi nitaipitia haraka. Meno makubwa ya gia za pikipiki hayaachani. Yameumana muda wote. Kinachoingia na kutoka ni vishikizo vilivyo ubavuni mwa gia, vinavyoingia kwenye matundu ya gia jirani. Kona zake zikiisha na kuwa mviringo, mzigo unavisukuma vitoke: unasikia “kat!”, injini inapaa ghafla kama uko nyutro, unagonga gia, inarudi. Dalili kuu ni kwamba huwa ni gia moja ileile, mara nyingi ya pili, na huwa ni wakati wa kuvuta au wakati wa kuachia moto, si ovyo. Ikiruka kwenye gia zote, shuka uangalie nje kwanza. Pikipiki iliyoanguka upande wa kushoto hupinda mkono wa gia. Mkono ukigonga kifuniko cha injini au chuma cha kukanyagia kabla ya kufika mwisho wake, gia inaingia nusu tu. Nusu hiyo hushika barabara tambarare na kuachia mlimani. Kunyoosha mkono huo hakuhitaji kufungua injini.

Sasa cheni. Hapa ndipo “saa zingine” inapohesabika kwa vidole.

Chukua pikipiki yenye spoketi ya mbele ya meno 14, ya nyuma ya meno 42, na cheni ya viungo 116. Gurudumu likizunguka mara moja, spoketi ya mbele imezunguka mara 3. Cheni, kwa kuwa ina viungo 116 na spoketi ya nyuma humeza 42 kwa mzunguko, hurudi mwanzo baada ya gurudumu kuzunguka mara 2 na robo tatu hivi. Kwa hiyo kila kifaa kina mpigo wake. Isimamishe kwenye stendi kubwa, iweke nyutro, piga mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye kiungo kimoja cha cheni, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono ukisikiliza. Kigugumizi kikija kila chaki ya tairi inapopita, tafuta kwenye gurudumu, spoketi ya nyuma au breki. Kikija tu chaki ya cheni inapopita, ni kiungo kimoja kilichokaza. Cheni ya kawaida ya boda haina pete za raba za kufungia grisi ndani, hivyo mvua za Aprili zikiiosha na ikalala na kutu usiku mmoja, kiungo kimoja au viwili hukataa kukunjika. Utakiona ukiizungusha: kinapotoka kwenye spoketi kinabaki kimepinda kidogo, kama goti linalouma.

Mahali palipokaza ni jambo jingine. Cheni haivutiki kama mpira. Pini na bushi zake ndizo zinazolika. Viungo vya aina iitwayo 428, inayotumika kwenye boda nyingi, vimeachana milimita 12.7. Vikilika robo ya milimita kila kimoja, jicho halioni kitu, lakini kwa viungo 116 cheni imerefuka karibu milimita 29. Ndiyo maana watu hupima viungo 20 vikiwa vimenyooshwa: vikiwa vipya ni milimita 254, na vikifika 259 cheni imekwisha. Na hailiki sawasawa. Kipande kimoja cha cheni hulegea, kingine kinabaki kimekaza. Fundi akikaza cheni pale palipolegea bila kuzungusha gurudumu, kipande kilichokaza kinakuwa kamba ya gitaa. Zungusha mpaka upate pale palipokaza zaidi, ndipo uweke uhuru wa milimita 25 hadi 35 hivi, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema.

Halafu kuna suala la mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Pikipiki ikibeba, mgongo unashuka, na spoketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na ekseli ya nyuma vinakaribia kukaa mstari mmoja. Hapo ndipo umbali kati ya spoketi mbili unakuwa mkubwa kuliko wakati wowote, kwa hiyo cheni hukaza. Cheni iliyokazwa sana ikiwa tupu stejini inalia ikipakia watu wawili na kunyamaza wakishuka. Abiria hawana hatia. Mpigie rafiki akae nyuma, mwingine apime cheni kwa kidole: lazima bado icheze. Ukiiacha hivyo, beringi ya mwisho wa giaboksi inavutwa kila kilomita, na sili yake huanza kuvuja oili nyuma ya spoketi ya mbele.

Mruko wa kweli wa cheni ni “kat-kat-kat” unapoondoka mlimani na mzigo, pikipiki ikishtuka kama imepigwa teke. Angalia meno ya spoketi: yakiwa yamelalia upande mmoja kama mawimbi, cheni inapanda juu yake ikivutwa. Usinunue cheni peke yake. Cheni mpya kwenye meno ya zamani inalika upesi, na fedha yako imeenda Kirinyaga Road mara mbili.

Nami nililipa karo ya somo hili. Pikipiki yangu ilikuwa inapiga “ka!” moja tu kila nikiachia klachi kwenye taa, na nyingine nikiachia moto ghafla. Si kila siku. Fundi mmoja, sitamtaja, aliniambia ni gia ya kwanza. Injini ikafunguliwa, ikalala kwenye karai siku mbili, ikafungwa. Siku ya tatu, nikitoka Uthiru, “ka!”

Aliyeimaliza alikuwa kijana wa stejini mwenye spana mbili. Aliiingiza gia, akashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalipeleka mbele na nyuma huku jicho likiwa kwenye spoketi ya nyuma. Gurudumu lilisogea kama upana wa kidole spoketi ikiwa imetulia tuli. Akaitoa. Ndani ya habu, raba zinazopokea mshtuko kati ya spoketi na gurudumu zilikuwa zimebondeka mpaka zimebaki kama maganda ya maembe. Nikiondoka taratibu zilikaa kimya. Mshtuko ukizidi, chuma kiligonga chuma. Alinionyesha pia jirani yake wa kuchunguzwa: spoketi ya mbele inayocheza kwenye mhimili wake kwa sababu mikato ya katikati imelika, ambayo nayo hupiga “ka” ileile, ila hapo inayocheza ni ya mbele na unaiona ukifungua kifuniko chake.

Wapo wanaojaza vipande vya tyubu kuukuu humo ndani, na kweli inanyamaza wiki moja. Mimi nilinunua raba mpya. Kutokana na zile siku mbili za karai, faida niliyobaki nayo ilikuwa oili safi.