Nyumba za halmashauri England: nani hasa anazilipia?

Wakazi wengi wa England huamini kwamba anayelipa kodi ya halmashauri anamlipia pango jirani yake anayekaa katika nyumba ya halmashauri. Si kweli. Tangu Aprili 1990, halmashauri yenye nyumba za kupangisha inalazimika kisheria kutunza hesabu zake katika mfuko wa peke yake. Pango la wapangaji ndilo linalogharimia usimamizi, matengenezo na riba ya mikopo, na fedha hizo haziwezi kuhamishiwa kwenye maktaba au barabara, wala kodi ya wakazi kutumika kuziba pengo la mfuko huo.

Hapo ndipo wengine huvuka upande wa pili na kudai kwamba mfuko huo, kwa kuwa ni wa halmashauri, unaweza kujiongezea mapato utakavyo. Ukweli ni kwamba kiwango cha pango huamuliwa na serikali kuu. Kuanzia 2016 iliagiza pango lipunguzwe kwa 1% kila mwaka kwa miaka minne, na mwaka 2023 ikaweka kikomo cha nyongeza cha 7%, wakati mfumuko wa bei ulikuwa umepita 10%. Mpangaji alipata nafuu, na hilo si dogo, ila paa bovu na ukuta wenye ukungu vilisubiri zaidi.

Dhana nyingine ni kwamba nyumba inapouzwa kwa mpangaji wake, halmashauri hupata fedha za kujenga nyingine. Tangu sheria ya 1980, karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa England kwa punguzo, na kwa miaka mingi sehemu ya mauzo ilichukuliwa na Hazina. Mtu akinunua kwa bei iliyokatwa makumi ya maelfu ya pauni, kinachobaki hakiwezi kujenga nyumba mpya palepale. Novemba 2024 punguzo la juu kabisa lilishushwa hadi kati ya pauni 16,000 na 38,000, kulingana na eneo.

Dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile isemayo kwamba makazi ya muda ya watu wasio na nyumba hulipiwa na serikali kuu. Sheria ya 1977 ilizibebesha halmashauri wajibu wa kuwahifadhi wenye kipaumbele: wajawazito, familia zenye watoto, na walio hatarini kwa sababu ya uzee, maradhi au ulemavu; mwaka 2021 wakaongezwa waliokosa makazi kwa kukimbia ukatili wa nyumbani. Marejesho ya gharama hizo, hata hivyo, kwa nyumba nyingi za aina hii yamefungwa kwenye 90% ya viwango vya msaada wa pango vya Januari 2011. Tuseme nyumba inakodiwa kwa pauni 450 kwa wiki, na kiwango cha 2011 cha eneo hilo kilikuwa pauni 200: serikali kuu hurudisha 180, na 270 zinazobaki hutoka kwenye bajeti ya jumla ya halmashauri, ileile inayolipia uzoaji taka na huduma za wazee. Zaidi ya kaya 100,000 zinaishi katika makazi ya muda.

Wapo pia wanaodhani kwamba kampuni za ujenzi hutoa nyumba za bei nafuu kwa hisani. Ni sharti la kibali cha ujenzi, chini ya kifungu cha 106 cha sheria ya mipango miji ya 1990, ingawa kampuni ikionyesha kwamba mradi hautakuwa na faida ya kutosha, sharti hilo hulegezwa. Na nyumba zenyewe hazilingani: pango la kijamii hukokotolewa kwa kuzingatia mishahara ya eneo, thamani ya nyumba na idadi ya vyumba vya kulala, wakati pango nafuu, lililoanzishwa 2011, linaweza kufika 80% ya bei ya soko, kiwango ambacho katika sehemu nyingi za London mfanyakazi wa kipato cha chini hakimudu.