Loiyangalani: mji wa ziwani unaoishi kwa mvua za kwingine

Mimi kazi yangu ni mambo ya maji na hali ya hewa, na swali ambalo huulizwa sana na watu wanaopanga kwenda Loiyangalani ni ati huko mvua hunyesha mwezi gani. Jibu langu huwa usihangaike na hiyo mvua, manake kwa mwaka mzima haifiki milimita 200, na hiyo kidogo inaweza kushuka kwa siku chache tu alafu basi, mpaka mwakani. Nairobi hupata karibu milimita 1,000. Lakini ukifika hapo unakuta mji, unakuta mikoma, jamii ya mitende, imesimama imejaa, chemchemi zinatoa maji mwezi baada ya mwezi, na mbele yako ziwa la urefu wa karibu kilomita 250. Sasa hayo maji yote yametoka wapi? Kwangu hilo ndilo swali la kuanza nalo, ukishalijibu utaelewa upepo wa pale, watu wa pale na hata shida zao.

Mji wenyewe ni mdogo. Uko upande wa kusini mashariki wa Ziwa Turkana, Kaunti ya Marsabit, na ukitokea Maralal unapita Baragoi na South Horr, ambako bado kuna miti na kivuli, alafu ghafla unaingia kwenye mawe meusi ya volkano ambayo yanakusindikiza mpaka ziwani. Magharibi ni ziwa na Kisiwa cha Kusini, mashariki ni Mlima Kulal. Joto la mchana kawaida ni digrii 35 na zaidi, na usiku haushuki vile ungetarajia jangwani. Teleki na von Höhnel ndio Wazungu wa kwanza kuandika habari za hili ziwa, walifika Machi 1888, wakaliita jina la mwana wa mfalme wa Austria, na Kenya ikabadilisha jina likawa Turkana mwaka 1975. Kitu ambacho hakisemwi sana ni kwamba msafara wao ulikuwa na wapagazi wa pwani na mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimemeta, kwa hiyo Kiswahili kilifika kwenye hayo mawe siku hiyo hiyo walipofika hao wageni.

Tuanze na mlima, manake mlima ndio unanywesha mji. Kulal ni volkano ya zamani iliyozimika, kimo chake mita 2,285, na ziwa liko kama mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kutoka ufuoni kwenda kileleni unapanda karibu kilomita mbili kwa umbali mfupi sana. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi unakuja umebeba unyevu kidogo, unavuka nchi yote kavu hiyo bila kudondosha kitu, ukigonga Kulal unalazimika kupanda, unapoa, na pale juu unakuwa ukungu. Kuna msitu kabisa huko juu, msitu wa ukungu, majani yanadondosha maji usiku kucha na miti imeota ndevu za kuvu. Hayo maji yanazama kwenye miamba ya volkano ambayo imejaa nyufa, yanateremka chini kwa chini, na sehemu mojawapo yanapotokea ni chemchemi za Loiyangalani. Yanatoka yakiwa na uvuguvugu. Mtu anayejaza mtungi asubuhi pale kwenye mikoma anajaza ukungu wa Kulal, ila umechelewa njiani sana.

Upande wa pili wa huo mlima ndio ukame wa mji. Hewa ikishavuka inashuka upande wa ziwa, ikishuka inapata joto na kukauka, na inashuka kwa nguvu. Upepo wa Loiyangalani hauna mchezo. Kati ya milima ya Ethiopia kaskazini na nyanda za juu za Kenya kusini kuna uwazi mkubwa wa ardhi ya chini, na upepo wa kusini mashariki unaoelekea Sudan Kusini unabanwa hapo, ukibanwa unaongeza spidi. Huu mkondo upo mwaka mzima. Unakuwa mkali zaidi usiku kuelekea asubuhi, na mchana jua likishapasha ardhi unapungua, ndio maana wavuvi wengi wa pale wanapiga hesabu zao kwa upepo kabla ya kitu kingine chochote, ziwa linaweza kuwa shwari saa tisa mchana na usiku mawimbi yakawa ya kuzamisha mtu.

Ukitaka kuona vile watu wanauelewa huo upepo angalia nyumba. Nyumba ya asili pale ni ya mviringo na ya chini, fito zimekunjwa zikafungwa juu, zikafunikwa majani ya mkoma, mikeka, magunia, siku hizi hata maturubai, alafu juu yake inapitishwa kamba au wavu mzee wa samaki na mawe yananing'inizwa kuzunguka pande zote ili kushikilia. Hakuna kona ya upepo kushika. Mi nimeona majengo ya bati yamepelekwa pale na miradi, paa limenyanyuka kwa kona moja na bati zima linapiga kelele usiku mzima, na nyumba ya majani pembeni yake imetulia. Mainjinia wangeanza kwa kuangalia hizo nyumba kwanza.

Huo upepo ndio pia uliowaleta wenye mitambo. Kusini mwa mji, upande wa Sarima, kuna mitambo 365 ya kuzalisha stima, jumla megawati 310, na laini ya kama kilomita 430 inayoipeleka Suswa ikaingie kwenye gridi ya taifa. Ilizinduliwa rasmi Julai 2019. Barabara ya kutoka Laisamis ilitengenezwa sababu ya huo mradi, kilomita 208, na hiyo imesaidia lori za samaki kweli. Kuhusu ardhi, mahakama ya Meru mwaka 2021 ilisema hati zilitolewa bila kufuata sheria, na wenyeji wana haki ya kuendelea kuuliza.

Sasa ziwa, hapa ndio watu wengi hupotea. Wanaona maji mengi wanafikiri ni maji yao. Karibu asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana yanaletwa na Mto Omo kutoka milima ya Ethiopia, Turkwel na Kerio zinaongeza kidogo tena kwa msimu. Maji yakiingia hayana pa kutokea, yanaondoka kwa jua na upepo tu, zaidi ya mita 2 kila mwaka zinaruka hewani. Ndio maana chumvi na magadi vimebaki na kurundikana, kama gramu 2.5 kwa lita, ambayo ni kidogo sana ukilinganisha na gramu 35 za bahari lakini kwa kunywa ni mbaya, na floraidi iko juu. Wazee wa El Molo, jamii ya wavuvi wa hapo, waliokunywa hayo maji toka utotoni utaona meno ya kahawia na miguu iliyopinda, hiyo ni floraidi imeingia kwenye mifupa. Samaki lakini wako sawa. Kuna mbuta na tilapia na mamba wengi, jamaa wale wale wa Nile, sababu miaka elfu kadhaa nyuma ziwa lilikuwa juu sana, likawa linamwagika kuelekea Nile. Makombe ya wakati huo bado unayaokota mbali na ufuo wa leo.

Mvua kubwa ya Ethiopia ni Juni mpaka Septemba, na ziwa linapanda baadaye kidogo, kuelekea mwisho wa mwaka. Ethiopia walipoanza kujaza bwawa la Gibe III mwaka 2015, bwawa lenye ukuta wa kimo cha mita 243, ziwa lilishuka, na mwaka 2018 UNESCO wakaweka mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kila mtu akajiandaa kwa ziwa kukauka. Alafu mwisho wa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ikapata joto kuliko kawaida, mvua ikapiga Afrika Mashariki yote, na ziwa likapanda. Kijiji cha El Molo cha Komote, ambacho mtu alikuwa anafika kwa miguu, kikakatwa kikawa kisiwa, na makaburi ya wazee yakafunikwa na maji.

Na hapo hapo, kuanzia mwisho wa 2020, mvua ya kaskazini mwa Kenya ikakosa misimu mitano mfululizo. Hebu fikiria hiyo picha, ziwa limejaa linameza ufuo na nyuma yake mbuzi na ngamia wanakufa kwa kukosa malisho. Wageni walikuwa wanashindwa kuelewa, wananiuliza kwani hawa si wako na maji. Ziwa linafuata mawingu ya Ethiopia, malisho yanafuata mawingu ya hapa, chemchemi zinafuata ukungu wa Kulal, na kila kimoja kina kalenda yake.

Hizo kalenda tatu ndizo zinapanga watu pia. El Molo ndio watu wa ziwa wa asili, wavuvi wa chusa na wavu, zamani wakienda kwa magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja. Sensa ya 2019 iliandika El Molo 1,104 tu, na lugha yao ya zamani haizungumzwi tena, wanaongea Kisamburu. Wasamburu, Warendille na Waturkana wako mjini pamoja nao, na Gabbra upande wa kaskazini. Kila ukame mkubwa unasukuma familia za wafugaji waliomaliza mifugo kuja ufuoni, mtu aliyekuwa na ng'ombe anajifunza kupasua samaki, kutia chumvi na kuanika, na wengi hawarudi tena. Kwa hiyo mji unakua zaidi kwa kiangazi kuliko kwa neema, na idadi ya watu ukiihesabu mwezi wa mvua na ukiihesabu mwezi wa njaa utapata miji miwili tofauti. Tangu 2008 kuna tamasha la hizi jamii zote pale, na mi nalipenda kwa sababu jioni ukikaa kwenye kivuli cha mikoma unasikia lugha nne au tano na Kiswahili ndicho kinawapatanisha bei ya samaki.

Kitu kinachonikosesha usingizi ni kwamba mikutano yote ni Omo na Gibe III. Ni haki, lile ziwa linahitaji watetezi. Lakini hakuna mtu mjini anayekunywa Omo. Wanakunywa Kulal, na wakati wa kiangazi mifugo yote inapanda huko huko juu, miti inakatwa kwa malisho na kuni, na ule msitu ni mdogo, unaweza kuuzunguka. Majani yakipungua ukungu unapita tu bila kudondosha kitu. Msitu wa Kulal uko ndani ya Kenya, hauhitaji kuongea na nchi nyingine yoyote, unahitaji kaunti ikae na wazee wa Gatab, kijiji cha juu ya Kulal, na wa Loiyangalani wakubaliane sehemu gani mifugo isifike, na mtu wa kupima maji ya chemchemi kila wiki aandike kwenye daftari.