Ulezi wa utafiti katika vyuo vya jamii vya Marekani: maana yake na unavyofanya kazi

Ulezi wa utafiti ni mpango wa kumpa mwanafunzi kazi halisi ya kisayansi, ile ambayo majibu yake hayapo nyuma ya kitabu, pamoja na mtafiti wa kumwongoza kuanzia swali hadi matokeo. Ukitajwa pamoja na vyuo vya jamii vya Marekani na masomo ya jiosayansi (miamba, maji, bahari, hali ya hewa, matetemeko ya ardhi), karibu kila mara huambatana na ubia kati ya chuo hicho na chuo kikuu au taasisi ya utafiti, kwa sababu chuo cha jamii peke yake hakiuwezi.

Chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili, kwa kawaida cha umma. Kikongwe chao, Joliet kule Illinois, kilianza mwaka 1901, na leo viko takriban elfu moja. Hupokea karibu kila aliyemaliza sekondari, ada yake ni nafuu, na anayetaka shahada ya kwanza huhamia chuo kikuu kumalizia miaka iliyobaki. Si sawa na VETA, vyuo vya ufundi vya Tanzania: fundi wa viyoyozi anasomea hapo, na daktari wa kesho anaweza kuanzia hapo hapo. Darasani utawakuta watoto wa kwanza katika familia zao kufika chuo, Weusi, Walatino, Wamarekani wa asili, wahamiaji, wazazi wenye watoto wadogo, na watu waliotoka zamu ya usiku wakaja kipindi cha asubuhi bila kulala.

Mwalimu wa jiolojia katika chuo kama hicho mara nyingi yuko peke yake au na mwenzake mmoja, na kufundisha kozi tano kwa muhula ni jambo la kawaida. Utafiti ataufanya saa ngapi, na kwa vifaa gani? Chuo kikuu cha jirani kina maabara na fedha za miradi, ila wanafunzi hao hakinao. Na jiosayansi inawahitaji. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Nature Geoscience mwaka 2018 uliangalia shahada za uzamivu zilizotolewa Marekani kwa takriban miaka 40, ukakuta kwamba uwiano wa wahitimu kutoka makundi ya wachache, kama Weusi, Walatino na Wamarekani wa asili, ulikuwa haujasogea kwa maana yoyote. Sababu mojawapo ni kwamba vijana wengi humaliza sekondari bila kusoma jiolojia hata kidogo. Wanaikuta chuoni, tena kwa bahati: walihitaji kozi moja ya sayansi, na hiyo ndiyo iliyobaki na nafasi.

Ulezi wenyewe unafanyikaje? Chukua kazi ya vipimo vya GPS. Antena inafungwa kwenye mwamba, na kila siku inarekodi mahali ilipo kwa usahihi wa milimita chache. Mwanafunzi anapakua data za miaka kadhaa, anachora grafu, anaona mstari unaopanda polepole: ardhi inasogea. Halafu katikati mstari unaruka ghafla sentimita moja. Wa darasani angeandika "tetemeko" na kufunga daftari. Mlezi mzuri hampi jibu, anamuuliza tu: umesoma kumbukumbu za kituo? Mwanafunzi anarudi, anakuta kwamba wiki hiyo mafundi walibadilisha antena. Hakukuwa na tetemeko lolote. Sasa lazima aamue namna ya kusahihisha mruko huo, aeleze kwa nini amechagua njia hiyo, kisha asimame mbele ya watu na bango lenye matokeo yake aulizwe maswali. Hapo amejifunza kitu ambacho hakuna mhadhara ungempa.

Mlezi mmoja pia hatoshi. Programu ya SOARS ya Boulder, Colorado, iliyoanza mwaka 1996 kwa wanafunzi wa sayansi ya angahewa, humpangia kila mmoja walezi kadhaa: wa utafiti, wa uandishi, wa kompyuta, na mwenzake aliyemtangulia. Hapo hapo Boulder, UNAVCO, taasisi ya vipimo vya mwendo wa ardhi, iliendesha Geo-Launchpad kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii, kama hatua ya kuwaandaa kabla hawajaingia kwenye utafiti kamili. Kwangu mimi hiyo ya pili ndiyo ilielewa tatizo vizuri zaidi, maana mtu ambaye hajawahi kuona maabara ya utafiti hata fomu ya maombi inamtisha.

Lakini kiini cha ubia ni pesa, na wengi wanaona haya kulisema. Mwanafunzi anayelipa kodi ya nyumba kwa mshahara wa dukani hawezi kujitolea kiangazi kizima bure. Programu ya REU (utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza) ya Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, iliyoanza mwaka 1987, hulipa posho, na mara nyingi pia malazi na nauli, kwa kazi ya takriban wiki kumi. Ubia usiolipa posho, au usio na makubaliano kwamba kozi za chuo cha jamii zitahesabiwa chuo kikuu, ni ziara ya mafunzo iliyopewa jina kubwa.

Kwa Waswahili walioko Marekani, hasa familia za wakimbizi kutoka Kongo ambazo vijana wao wengi huanzia vyuo hivi, kuna sharti la kuangalia mapema: posho ya REU hutolewa kwa raia au mwenye ukaaji wa kudumu. Mkimbizi huomba ukaaji huo baada ya mwaka mmoja nchini, na bila huo maombi ya REU hayapokelewi hata alama ziwe nzuri namna gani. Baadhi ya ubia wa vyuo hutumia fedha nyingine zisizo na sharti hilo, kwa hiyo inafaa kumuuliza mwalimu wa jiolojia moja kwa moja, tena kabla ya Desemba, kwa kuwa maombi mengi ya kiangazi hufungwa kati ya Januari na Machi.