Kugawana kazi za tiba ya macho: maana yake, na kwa nini Pemba inaihitaji

Kwenye nyumba nyingi za Pemba kuna mjukuu anayeitwa kila siku kumtilia bibi uzi kwenye sindano. Bibi anashona kofia, vidole vyake bado vina ufundi wote, lakini tundu ya sindano haioni tena. Watu husema ni uzee. Ni kweli: lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, na kuanzia miaka 40 hivi mtu hujikuta anakisogeza mbali kila anachotaka kukisoma. Ila uzee wa namna hiyo una dawa, nayo ni miwani ya kusomea. Kumpima bibi miwani hiyo hakuhitaji daktari bingwa. Kunahitaji mtu aliyefundishwa, chati ya kupimia na sanduku la lenzi.

Hapo ndipo dhana yetu inapoanzia. Kugawana kazi, katika mambo ya afya, ni kuichukua huduma iliyozoea kumngojea mtaalamu mmoja, kuitenga hatua kwa hatua, na kila hatua kumpa mtu mwenye mafunzo yanayotosha kuifanya vizuri. Bingwa anabakiwa na yale ambayo yeye tu anayaweza. Wako wanaosema kukasimu majukumu. Mimi napenda kugawana, maana anayekasimu anaweza kukabidhi akaenda zake, lakini wanaogawana wanabaki kwenye kazi ile ile pamoja, na hilo lina uzito mkubwa kama tutakavyoona. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake kuhusu jambo hili mwaka 2008, wakati nchi nyingi za Afrika zikitafuta namna ya kuwafikia wagonjwa wa UKIMWI bila kuwa na madaktari wa kutosha. Kwenye macho, lakini, kazi zilikuwa zimeshaanza kugawanwa kabla ya hapo.

Sababu yake utaiona ukipiga hesabu. Mpango wa kimataifa wa kupambana na upofu unaozuilika, VISION 2020, ulioanzishwa mwaka 1999, uliziwekea nchi za Afrika kusini mwa Sahara lengo la madaktari bingwa wa macho 4 kwa kila watu milioni 1. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 543,441 wako Pemba. Kwa hiyo hata lengo hilo likitimia, fungu la Pemba ni mabingwa 2. Mmoja akienda masomoni, mwengine akiugua, kisiwa kizima hakina. Na bingwa hapatikani upesi: shahada ya udaktari ni miaka 5, mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, kisha miaka 3 au 4 ya ubingwa, na masomo hayo ya ubingwa husomewa Bara, kwa mfano hospitali ya KCMC kule Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam. Anayemaliza tayari ana familia, na mji mkubwa unamvuta.

Sasa tuone kazi zenyewe zinavyogawika. Tuanzie skuli, kwa sababu watu huidharau hatua hii na kwangu mimi ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote. Mwalimu anaweza kufundishwa kupima macho ya wanafunzi wake kwa chati ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku. Mtoto anasimama mita 6, anaziba jicho moja, anaonesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Hahitaji hata kujua kusoma. Akiambiwa ana 6/12, maana yake ni kwamba anachokiona yeye kwa mita 6, jicho zima hukiona kwa mita 12. Mwalimu haandiki miwani wala hatoi dawa. Anaandika jina la aliyeshindwa na kumpeleka mbele. Ni watoto wangapi waliokaa nyuma ya darasa wakaitwa wavivu, na kumbe ubao ulikuwa ukungu mtupu?

Mbele yake yuko muuguzi wa kituo cha afya. Huyu anahitaji kujua jicho jekundu la kawaida na jicho jekundu la hatari. Jicho linalouma sana, au lililopungua kuona ghafla, au lililochomwa na mwiba shambani, halisubiri kesho. Anahitaji pia ujasiri wa kumkataza mtu kujitilia matone aliyopewa na jirani, kwa sababu matone yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, yakitumiwa ovyo yanaweza kuleta presha ya macho na hata mtoto wa jicho.

Kisha wako waliosomea macho hasa: mtaalamu wa miwani, anayepima upeo wa kuona na kujua lenzi gani inafaa, na muuguzi au tabibu wa macho, anayetibu maradhi ya kawaida, anayepima presha ya jicho na kumtayarisha mgonjwa kwa upasuaji. Na juu yao wako walioleta mabishano makubwa: wasio madaktari bingwa waliofundishwa kupasua mtoto wa jicho. Kenya, Malawi na Gambia zimewatumia, na hapa Tanzania KCMC imewahi kuwafundisha madaktari wasaidizi kazi hiyo. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Inatolewa, inawekwa ya bandia, na kwa mkono uliozoea operesheni yenyewe ni ya dakika chache tu. Mkono uliozoea, nimesema. Ufundi huo hauji kwa semina ya wiki mbili, unakuja kwa kupasua mara nyingi huku mkubwa wako amesimama pembeni.

Ndiyo maana kila kazi iliyogawanwa ina mpaka, na mpaka huo ni sehemu ya mafunzo. Mama akileta kitoto kichanga ambacho mboni yake inang'aa nyeupe, hiyo si kazi ya aliyefundishwa kupasua wazee. Inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, inaweza kuwa saratani ya jicho, na vyote viwili vinataka hospitali kubwa upesi. Anayekiona kitoto hicho Micheweni, akajua papo hapo kwamba hiki kinavuka bahari leo, amefanya kazi ya kitaalamu kamili ingawa hajashika kisu. Vivyo hivyo kwa presha ya macho, inayokula upeo wa pembeni kimya kimya bila maumivu: kilichopotea hakirudi, kwa hiyo kuigundua mapema na kumshikilia mgonjwa asiache matone ndiyo tiba yenyewe.

Kinachoniuma ni pale mafunzo yanapohesabiwa kwa vyeti. Mtu anapelekwa kusoma, anarudi Wete au Mkoani, na sanduku la lenzi halipo, au lipo na miwani ya kuwapa watu haipo. Baada ya mwaka anapangiwa zamu za wodi nyengine, na jicho lake la kazi linafifia. Aliyefundishwa anataka vifaa, anataka kubaki kwenye kazi aliyoisomea, na anataka mkubwa wa kumpigia simu. Siku hizi hilo la mwisho limerahisika: kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye macho yake yanapaswa kuchunguzwa kila mwaka, mtu aliyefundishwa anaweza kupiga picha ya nyuma ya jicho kwa kamera maalumu, na bingwa akaisoma akiwa mbali. Mgonjwa anapanda boti pale tu inapobidi.

Basi ukienda kupimwa macho ukapokelewa na asiye bingwa, usigeuze njia. Muulize amefundishwa kufanya nini, na muulize jambo likimshinda anampeleka mgonjwa kwa nani. Aliyefundishwa vizuri atakujibu yote mawili bila kusita.